Gereji ya bodi njia ya Fuoni: kwa anayetaka kushika nyundo mwenyewe

Nitaanza na hukumu, maelezo yafuate. Kama una gari ya zamani hapa Unguja na unataka kujifunza kuitengeneza bodi yake kwa mikono yako, nenda gereji hii. Kama unataka kuiacha asubuhi na kuichukua jioni inang'aa kwa ajili ya kumbebea bibi harusi, tafuta kwengine. Hapa watakukatalia, tena kwa maneno mazuri, na pesa zako zitakuwa zimesalimika.

Iko ukishaipita Mwanakwerekwe unaelekea Fuoni: uwanja wa mchanga, banda la mabati lililofunika nusu tu ya eneo, na mfenesi mkubwa ambao chini yake ndipo kazi nyingi zinapofanyika. Kibao hakuna. Waulize vijana wa bodaboda "kwa Ami wa bodi" watakufikisha. Jina lake kamili siliandiki kwa sababu mwenyewe hapendi kuanikwa mitandaoni. Ni mtu mzima, ananyoosha bodi tangu ujana wake, enzi za Peugeot 404 na malori ya Bedford, na sasa ana vijana wanaomsaidia huku wakijifunza.

Utaratibu wake sijauona pengine. Unalipa shilingi 20,000 kwa siku. Kwa pesa hiyo unapata nafasi ya gari, zana zake zote, na jicho lake. Gesi na waya wa kuchomelea unalipa kadiri ulivyotumia. Bati unakuja nalo. Kila hatua mpya, yeye au mmoja wa vijana wake hukuonesha mara moja juu ya kipande chakavu, kisha anakupa nyundo na kuondoka. Kuondoka kweli. Atarudi akisikia mlio haumridhishi.

Gari yangu ni Morris Minor 1000 ya mwaka 1959, milango minne, niliyoinunua kwa mzee mmoja wa Bububu. Kwa asiyeijua, Morris Minor ilioneshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948, ikaendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ndiyo gari ya kwanza ya Uingereza kufikisha idadi ya milioni moja. Hii ya 1000 ilianza mwaka 1956 na injini ya cc 948. Injini haijanisumbua hata kidogo. Ni injini inayoeleweka, na vipuri vyake bado vinatengenezwa Uingereza. Kilichokuwa kinaimaliza gari ni kutu. Sisi tunaokaa Mazizini tunaijua hewa ya bahari. Chumvi inayotua juu ya chuma huvuta unyevu wa hewani na kuushikilia pale pale, hata siku ambayo hakuna tone la mvua, na nondo za madirisha yetu ni ushahidi wa kutosha.

Tena Morris Minor haina chasisi ya peke yake kama Land Rover za zamani. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu: sakafu, vizingiti vya milango, mikono miwili ya chuma inayoshikilia injini kwa mbele. Kutu ikikila kizingiti, gari nzima inalegea, na dalili ya kwanza ni mlango unaokataa kufunga kama ulivyokuwa ukifunga mwezi uliopita. Kwa hiyo mtu anayekwambia "hii ni rangi tu, Bi, tutaziba" anazungumzia usalama wa watoto wako bila ya kujua.

Na kuziba ndiko gari yangu ilikofanyiwa kabla sijafika kwa Ami. Gereji moja ya mjini ilichukua pesa zangu nyingi, ikanirudishia gari iliyong'aa kweli kweli. Siku niliyompelekea Ami, aliitazama bila ya kusema neno, akaingia bandani na kutoka na sumaku ndogo iliyotolewa kwenye spika ya redio. Akaivisha kitambaa isije ikakwaruza rangi, akaanza kuipitisha. Kwenye paa ilinata. Kwenye boneti ilinata. Kwenye madigadi ya mbele ya kushoto ikaanguka kiganjani mwake. Akainyanyua, akaijaribu juu kidogo, ikaanguka tena. Alipopachokoa kwa ncha ya bisibisi tukakuta puti ya unene wa kidole imeshikiliwa na wavu wa dirisha na gazeti, na nyuma yake hakuna bati, kuna unga mwekundu. Mimi nafundisha fizikia skuli ya sekondari, sumaku ipo kabatini mwangu maabara miaka yote. Sasa ipo kwenye mkoba, na namshauri kila anayetaka kununua gari ya zamani afanye hivyo kabla ya kutoa hata shilingi.

Ami haichukii puti, na hili napenda lieleweke kwa sababu wapo watu wanaoizungumzia kana kwamba ni haramu. Puti ni resini ya poliesta iliyochanganywa na unga laini wa madini. Ikipakwa nyembamba, milimita moja au mbili, juu ya chuma kilichosafishwa mpaka kikawa cheupe, itakaa miaka. Tatizo ni kwamba inanyonya unyevu. Ukiipaka juu ya kutu, au nyuma yake kukawa wazi kwa maji ya barabarani, unyevu unakifikia chuma, chuma kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inaisukuma puti kutoka ndani mpaka inapasuka. Lile lengelenge unaloliona kwenye rangi limeanza zamani sana kwa nyuma. Na katika joto letu changanya kidogo kidogo: hadena ya puti, yaani dawa ya kuigandisha, inatakiwa kama asilimia 2 ya uzito wake, ukizidisha inakugandia kwenye ubao kabla hujaigusa gari.

Sasa nieleze nilivyojifunza, maana hiyo ndiyo huduma yenyewe.

Madigadi zote nne za Morris Minor zimefungwa kwa boliti, unaifungua moja na kuiweka juu ya meza. Hilo ni jambo la kushukuru sana kwa mwanafunzi. Ya mbele ina ugonjwa unaojulikana: tope linalorushwa na tairi linajikusanya juu ya bakuli la taa, linakaa hapo na maji yake ya chumvi, na kulila bati kutoka ndani. Baada ya kuiondoa puti yote na kukata mpaka kwenye chuma kizima, nilibaki na tundu ambalo kiganja kilipita wazi, na mahali penyewe ni pale ambapo bati linapinda pande mbili kwa wakati mmoja. Bati bapa huwezi kulikunja likakaa pale. Lazima ulivute.

Tulianza na kadibodi, ukate umbo la tundu, ulijaribu, upunguze, ulichore kwenye bati. Ami ananunulisha geji 20, ambayo ni kama milimita 0.9. Geji 18 ni nene mno kwa mkono wa mwanafunzi. Bati la kuezekea amelipiga marufuku kabisa uwanjani kwake kwa sababu ya zinki: ukilichomelea linatoa moshi mweupe, na aliyeuvuta atakuwa na homa na mtetemo usiku wake. Alinieleza hayo kabla ya kuniambia jambo jengine lolote, na hapo ndipo nilipojua nimefika kwa mtu makini.

Kulivuta bati kunafanyika juu ya gogo la mfenesi lililochimbwa kama kinu kifupi. Unaliweka bati juu ya shimo na kulipiga kwa nyundo ya mbao. Kijana wake alinionesha mapigo machache, akaniachia. Nikaanza na katikati, mahali ambapo macho yanakuvuta kupiga. Bati likazama kwa kasi pale kati na kingo zikajikunja mikunjo ambayo hakuna nyundo ingeiondoa. Kipande kilichofuata nikakianza kingoni, mapigo mepesi yanayopishana, nikazunguka kidogo kidogo kuelekea ndani. Kikaja laini, hakina mkunjo, ila kina kina kikubwa kuliko madigadi inavyotaka. Ami alipita, akakishika, akakigeuza kwenye mwanga, akakitundika kwenye msumari wa mfenesi pamoja na vipande vya waliotangulia, akanikatia bati jengine. Hakunilaumu wala hakunichukulia nyundo. Ule msumari umebeba vipande vingi, na ukivitazama kwa mpangilio unaona mikono ya watu inavyokua. Nilivitazama sana kuliko nilivyosikiliza maelezo.

Kipande kilichokubali kilikaa ndani ya tundu kwa upenyo wa unene wa msumeno. Basi nikafurahi, nikawasha gesi. Kwake wanatumia asetilini na oksijeni, moto mdogo, waya mwembamba. Nilichomelea mfululizo kutoka pembe moja mpaka nyengine, mstari mzuri, na bati likaondoka na sura yake yote. Likafanya mawimbi. Ukilibonyeza kwa kidole linaingia kwa mlio, ukiliachia linatoka kwa mlio ule ule.

Ami akaja. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiye unayefundisha joto. Hebu nambie, hili bati limekwenda wapi?"

Nikamjibu pale pale, nikiandika kwa chaki juu ya meza ya chuma. Chuma hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Mstari wa sentimita 30 ukipandishwa nyuzi 700 unataka kurefuka milimita mbili na nusu. Lakini umezungukwa na bati baridi lisilosogea, kwa hiyo hauna pa kwenda, unajibana na kuwa mnene. Ukipoa unasinyaa kwa urefu wake wote, sasa ni mfupi kuliko ulivyokuwa, na unalivuta bati la jirani. Kumbe jawabu nilikuwa nalo miaka yote kwenye daftari la maandalio ya masomo, na sikupata kuliona likitembea. Ami alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Basi lirefushe."

Na hivyo ndivyo inavyotibiwa. Mstari uliochomelewa umefupika, unaurefusha: fuawe ndogo ya mkononi unaikandamiza nyuma, nyundo inapiga mbele, chuma juu ya chuma. Kila pigo linalikonda bati kidogo na kulitanua. Pale ambapo limetanuka kupita kiasi, unafanya kinyume. Unalipasha doa dogo kama la sarafu mpaka liwe jekundu, unaligonga pembeni kwa pembeni kwa haraka, unalikandamiza kwa tambara la maji, na linajivuta. Ukishaelewa haya mawili, kurefusha na kusinyaza, bodi ya gari haikutishi tena. Na kuchomelea kwenyewe nikakufanya kama anavyofanya yeye: nukta hapa, nukta kule mbali, ungoje mpaka uweze kupashika kwa mkono, ndipo urudi katikati yao.

Jambo jengine alilonipa, na hili silioni likielezwa vya kutosha, ni masikio. Nyundo ikitua pale pale ilipo fuawe, bati linalia kwa sauti kali, nalo linatanuka. Nyundo ikitua pembeni ya fuawe, sauti inakuwa butu, nalo linasogea bila ya kutanuka. "Usilipige lilipobonyea, lipige lilipovimba," ndivyo anavyosema kwa wanafunzi wote: fuawe iwe chini ya shimo, nyundo iwe juu ya kilima kilicho jirani, na shimo litapanda lenyewe. Ndiyo maana anaweza kukaa upande wa pili wa uwanja akinywa kahawa na bado akajua unaharibu. Kumaliza, anaweka kitambaa chembamba chini ya kiganja na kulipapasa bati kwa mwendo mrefu, macho yake yakiwa kwengine kabisa. Mkono unaona wimbi ambalo jicho halilioni mpaka siku ya rangi. Kisha tupa bapa: inapopita inang'arisha vilima na kuacha mashimo na giza lake, nawe unajua wapi pa kurudia.

Ile madigadi sasa ina puti nyembamba kama ukurasa sehemu chache tu, na kwengine haina kabisa. Sumaku inanata kila mahali.

Siku moja nilimsimulia hadithi ya gari yenyewe. Aliyeisanifu ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, ambaye baadaye alisanifu na Mini. Gari ilikuwa karibu kuingia kiwandani, akaona ni nyembamba mno, haimpendezi. Akaamuru gari ya majaribio ikatwe katikati kwa urefu wake, nusu mbili ziachanishwe kidogo kidogo mpaka jicho lake liridhike. Ziliachanishwa inchi nne. Ule mkanda bapa unaopita katikati ya boneti ya Morris Minor ni alama ya inchi zile, na bampa za mwanzo zilizokuwa tayari zimeshatengenezwa ilibidi zikatwe na kuungwa kipande kati. Ami alikwenda mbele ya gari, akaweka vidole vyake juu ya boneti, akaupima ule mkanda. Akawaita vijana wake waje waone. Nadhani alifurahi zaidi siku ile kuliko siku nilipomaliza kulipa.

Vizingiti vya milango nitavieleza kwa ufupi kwa kuwa kazi kubwa alifanya yeye, mimi nilishika. Kabla ya kukata chochote alichomelea vyuma vya kushikilia mlango wa wazi, juu na chini, ili tundu la mlango lisije likajifunga. Gari isiyo na chasisi ukiikata kizingiti bila ya vyuma hivyo inapinda katikati kwa uzito wake, na ukishachomelea kizingiti kipya ndani ya hali ile umeipinda daima. Aliteremsha na tangi la mafuta, ambalo kwa Morris lipo chini ya sakafu ya buti, akalipeleka mbali kabisa na moto. Fundi asiyeteremsha tangi, ondoa gari yako. Waya za betri pia alizifungua. Na mwenye gari ya Kiingereza ya zama hizi amkumbushe fundi umeme kwamba kwenye bodi imefungwa ncha chanya ya betri, si hasi kama gari za leo.

Baada ya kujifunza kurudisha kilichokuwepo, nilitaka kuongeza ambacho Waingereza hawakukiweka. Hapo ndipo palipokuwa na raha yangu kubwa, na ndipo Ami alipobadilika kutoka mwalimu kuwa mwenzangu. Kwa nini tuipe tope nafasi ya kukaa tena juu ya taa? Tukajaribu ngao ya bati ndani ya madigadi: ikaziba vizuri, lakini yenyewe ikawa mahali papya pa kukusanya mchanga kwenye ukingo wake, na mtetemo ukaanza kuikwangua rangi. Tukajaribu mpira wa tairi kuukuu: mzito, na ukanyonya maji. Kilichofaa ni pipa la plastiki la buluu, lile la kuhifadhia maji. Plastiki yake imeshapinda tayari kwa duara linalokaribiana na la gurudumu, haishiki kutu, na mvuke wa maji ya moto unailainisha kiasi cha kuisukuma ikakaa. Tumeiacha wazi kwa chini ili maji yatoke, na imeshikwa na boliti zile zile za madigadi, hakuna tundu jipya. Baada ya masika niliifungua kutazama. Bakuli la taa lilikuwa kavu, vumbi tu.

Vizingiti navyo tulivitoboa matundu ya kutolea maji kwa chini, tukamimina ndani nta iliyoyeyushwa na kuchanganywa na oili mpya ya injini. Na lile tundu la mkono wa ishara kwenye nguzo ya mlango, maana Morris za kabla ya 1961 zilikuwa na mkono mdogo unaochomoza badala ya taa ya kumetameta, mwenye gari wa zamani alikuwa ameliziba kwa bati lililopigwa riveti juu juu. Nimelirudisha wazi. Mkono wenyewe bado naufanyia kazi.

Sasa kasoro, maana zipo na ni kubwa kwa baadhi ya watu.

Usipake rangi pale. Uwanja ni wa mchanga, upepo wa kusi unapita moja kwa moja, na chumba cha rangi hakuna. Ami mwenyewe anakubali kupuliza praima tu, yaani rangi ya msingi. Mimi rangi nilipeleka kwengine, kwenye chumba kilichofungwa, na niliingoja kipupwe. Rangi ya NC, ile inayokauka kwa tina (kiyeyushi chake) kuruka tu, ukiipuliza hewa ikiwa imejaa unyevu, kama siku za masika na vuli, tina inapokauka inaupoza uso wa rangi, mvuke unaugandia, na gari inatoka na ukungu mweupe. Rangi ya 2K, inayogandishwa kwa kuchanganywa na hadena, haina tatizo hilo sana, lakini hadena hiyo ina kemikali za isosayanati zinazoharibu mapafu, na kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii kitu. Ukimuona kijana anaipuliza bila ya barakoa yenye mkebe wa kuchuja hewa, mwambie. Ni uhai wake.

Umeme ukikatika, grainda na drili zinalala, na jenereta hana. Mtungi wa oksijeni ukiisha unaweza kungoja siku kadhaa, wala hakuna wa kukupigia simu kukwambia usije. Choo ni cha jirani. Kelele ni kali mno na vifaa vya kuzibia masikio havipo. Nimemweleza Ami kwamba mtu anayefundisha kwa masikio ayalinde masikio ya wanafunzi wake, akacheka, lakini safari iliyofuata niliwakuta vijana wawili wamevaa. Miwani ya kuchomelea ipo, mingine vioo vimechujuka, chagua vizuri.

Kasoro kubwa kuliko zote kwa mwenye shughuli ni wakati. Hakuna anayeweza kukwambia utamaliza lini, kwa sababu unajifunza, na bati halina haraka. Nilimkuta kijana wa Jang'ombe pale na Vespa ya marehemu babake, kaja kwa ajili ya kibonyeo kimoja ubavuni. Kilipotoka akagundua upande wa pili hauko sawa, sasa anautengeneza na ule. Hesabu ya pesa nayo ndivyo hivyo: kwa siku ni rahisi, kwa kazi nzima huenda ukatumia sawa na ulivyotozwa gereji nyengine. Mimi nilitumia karibu sawa. Tofauti ni kwamba leo nikisikia mlango wangu unagonga ninajua pa kutazama, na gari ina chuma mahali pa gazeti.

Kuhusu wanawake, nimeulizwa na wenzangu wa skuli. Sikupata usumbufu wowote. Kila mtu pale ananiita Mwalimu, chai inapoletwa inaletwa ya wote, na hakuna aliyenitoa nyundo mkononi kwa kisingizio cha kunisaidia. Vaa viatu vilivyofunika vidole, nguo ya pamba ya mikono mirefu na si ya nailoni, na mtandio wako uufunge kabisa kwa nyuma, ncha zake ziwe ndani. Grainda haina mchezo na kitambaa.

Nenda Jumamosi asubuhi, ndipo Ami anapokuwa na nafasi ya kukaa na mgeni. Ijumaa wanafunga mapema kwa ajili ya sala na hawarudi. Chukua miwani yako, vizibio vya masikio, glavu za ngozi, na bati la geji 20 kutoka maduka ya vyuma. Lipime kabla ya kulipa, kwani mara nyingi utauziwa geji 22, ambayo ni nyembamba zaidi, kwa jina la 20, na Ami akilishika tu atakurudisha nalo dukani.